Mama Subiri Anastaafu Ijumaa, Dada Shuka Anaulizwa Jumatatu

Haya, jirani wa meza, weka kikombe chini kidogo. Najua umelishika jarida hili ili utafute picha yako ya mkutano wa mwezi uliopita. Ipo, ukurasa wa nyuma, umefumba macho. Anza hapa kwanza.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Subiri anastaafu. Amelitumikia shirika letu miaka thelathini na moja. Aliingia kama mtu wa mapokezi, akapewa kiti kibovu na simu iliyokuwa ikilia hata kama hakuna aliyepiga. Anatoka akiwa mtetezi mkuu wa haki za watu wenye ulemavu wa akili, usonji na mtindio wa ubongo, na kile kiti kibovu bado kipo, sasa anakikalia mhasibu.

Hayo bosi alisema yawe juu kabisa, na yapo juu kabisa. Lakini kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliweka chini. Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi bila Mama Subiri, mwanachama wetu Dada Shuka anaingia mbele ya kamati ya ustawi wa jamii kuulizwa ataishi wapi: abaki kwenye chumba alichokuwa akiishi na marehemu mama yake, au apelekwe kituo cha kulelea, nje ya mji. Asipojieleza, wataamua wengine. Mtu anayekaa pembeni yake lazima awe mfanyakazi wa shirika, ndiyo sheria ya kamati, na kuanzia Jumamosi Mama Subiri si mfanyakazi. Tulimwomba mtu wa utumishi asogeze kustaafu kwa wiki moja tu. Akatujibu kwamba tarehe ya kuzaliwa haisogezwi. Kiti cha pembeni nimepewa mimi. Kwa hiyo ukiona wasifu huu unakimbiakimbia, ujue miguu yangu nayo haitulii chini ya meza.

Tuanze na jina. Mwaka wake wa kwanza pale mapokezi, aliingia mzee mmoja na kijana wake. Mama Subiri, wakati huo bado binti mwembamba wa nywele fupi, akamuuliza yule kijana shida yake. Mzee akadakia.

"Huyu haongei vizuri. Niulize mimi."

"Subiri, mzee wangu. Nimemuuliza yeye."

Mzee akavuta pumzi, akaangalia dari, akaangalia mlango. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Kijana akahangaika na kola ya shati lake muda mrefu, mpaka kila mtu akadhani ameshasahau alichoulizwa. Halafu akasema, "Maji." Walikuwa wamezungushwa ofisi hadi ofisi tangu asubuhi, kijana analialia, baba anamkemea kwamba ana vurugu, kumbe koo limekauka. Alipokunywa, akaeleza shida yake yote, kwa maneno yake, akiyavuta moja moja. Mzee akakaa chini. Jina likabaki hapo hapo mapokezi na halijawahi kuhama, na leo kuna watoto wa wafanyakazi wenzetu wanaodhani Subiri ni jina la ubatizo.

Kusubiri kwake ni kazi kamili, si kukaa kimya tu. Swali analiuliza mara moja, kwa maneno machache. Halirudii. Anasema ukirudia swali ni kama kumsukuma mtu aliyeshafika ngazi ya katikati, anarudi chini aanze kupanda upya. Akishauliza hamkodolei mtu macho, anaangalia mezani, mikono juu ya magoti. Ukimtazama unadhani anawaza nauli. Na hapo mtu yeyote mwingine ndani ya chumba akifungua mdomo, hata kusema samahani, anapata lile neno.

Sisi wengine tunateseka. Mhasibu huwa anatoka nje kabisa, anasema anakwenda kuhesabu risiti. Dereva wetu anasema yeye akiegesha gari karibu na dirisha la kikao cha Mama Subiri, injini inazima yenyewe kwa heshima. Mimi wiki ya kwanza niliuma kalamu mpaka ikapasuka, nikatoka kikaoni na ulimi wa bluu, na mpaka leo kuna mtu hapa ananiita Wino. Sitamtaja. Anajijua, na picha yake iko ukurasa wa nyuma.

Lakini angalia kimya hicho kimezaa nini. Benki ya pale kona ilikuwa haifungui akaunti ya mtu mwenye ulemavu wa akili mpaka ndugu asaini kwa niaba yake. Mama Subiri alikwenda na wanachama wetu wawili, akaketi nao mbele ya meneja, akamwacha meneja awaulize wao. Walipomaliza kumjibu, meneja alikuwa amechelewa chakula cha mchana na wao walikuwa na akaunti. Kliniki ya wilaya, madaktari walikuwa wanamuuliza mama wa mgonjwa mwenye miaka arobaini kama "mtoto anaumwa wapi". Siku hizi wanamuuliza mwenyewe, na wakisahau, mgonjwa mwenyewe anawakumbusha. Na siku ya uchaguzi, mwanachama wetu anayehitaji mtu wa kumsaidia anamchagua yeye huyo mtu. Zamani alipewa yeyote aliyesimama karibu, hata askari.

Usidhani alikuwa hakosei. Ile habari ya fulana haisimuliwi sana hapa ofisini, lakini mwenyewe ameniambia niiweke, tena akaongezea chumvi.

Ilikuwa mwaka wa maandamano makubwa, yale ya kudai wanachama wetu waulizwe wenyewe mambo yanayowahusu. Ofisi nzima haikulala na maandalizi. Mama Subiri akapitisha fulana za rangi ya chungwa, zimeandikwa kifuani kwa herufi nene, USINISEMEE. Mgeni rasmi akafika, vipaza sauti vikafungwa, wanachama wakapangwa mistari. Ndipo fundi redio, mwanachama wetu mwenye usonji, akaivua ya kwake, akaikunja, akaiweka chini. Wa pembeni yake akavua. Wa nyuma naye. Mgeni rasmi anahutubia vifua wazi. Bosi wa wakati ule akamkimbilia fundi redio, jasho linamtoka.

"Kaka, kuna nini tena?"

"Inawasha shingoni. Na hii rangi inanipigia kelele machoni."

"Si ungesema mapema?"

"Nani aliniuliza?"

Hebu fikiria. Fulana imeandikwa usinisemee, na maneno, rangi, kitambaa, vyote vimechaguliwa na sisi kwa ajili yao. Ni ofisi kama yetu tu ambayo ingeweza kufanya kosa la namna hiyo, tena kwa moyo safi. Mama Subiri alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara, halafu akaacha kucheka. Tangu siku ile hakuna kitu kinachotoka hapa bila kupita kwa kamati ya wanachama, hata rangi ya mapazia. Ndiyo maana mapazia ya ukumbi yana kila rangi.

Na ndiyo maana Dada Shuka anaitwa Dada Shuka humu. Tulimuuliza aitweje. Akaomba muda, akarudi na hilo jina, kwa sababu kazi yake ni kukunja shuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na hakuna anayemfikia kwa kulinganisha kona za shuka. Ametukubalia tuandike habari yake, kwa sharti moja. "Msiandike nililia. Sikulia."

Hakulia. Mimi ni shahidi.

Habari yenyewe ni hii. Mama yake alifariki mwanzoni mwa mwaka. Walikuwa wakiishi wawili katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kaka yake, fundi rangi, ana familia yake, na sasa amepata kazi mji mwingine. Si mtu mbaya, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tutagombana. Alikuja ofisini na suruali yenye matone ya rangi nyeupe, akasimama mlangoni hataki hata kukaa.

"Mimi nikiwa mbali, akianguka usiku, nani atamsikia? Niambieni jina la mtu mmoja tu. Nipeni jina, niachane na kituo."

Hatukuwa na jina la kumpa. Yeye ndiye aliyekitafuta kile kituo, akaandikisha, akapata nafasi. Sisi kama kawaida yetu tukavaa miwani ya utetezi. Vikao juu ya vikao. Haki ya kuishi katika jamii, haki ya kuchagua, tukaandaa hoja ndefu kama reli. Mama Subiri mwenyewe ndiye aliyeongoza, na kwa kuwa siku zake zilikuwa zinakwisha, alikuwa anakwenda mbio kuliko nilivyowahi kumuona. Alikuwa anakunywa chai amesimama.

Kikao cha kwanza cha kamati kilikuwa mwezi uliopita. Chumba kidogo, feni inakwaruza, watu wamejaa kwenye benchi la nje wakisubiri zamu zao. Mwenyekiti ni mtu mpole ila ana mafaili mengi kuliko meza.

"Dada, unataka kubaki pale chumbani, au unataka kwenda kituoni?"

Dada Shuka akaangalia vidole vyake. Feni. Kaka yake anaangalia viatu. Nje mtu akapiga chafya. Mwenyekiti akasogeza faili, akasubiri kidogo, kwa kweli alisubiri, halafu akashika kalamu.

"Kama hawezi kujieleza, itabidi tuandike hawezi kujieleza, na uamuzi utakuwa wa ndugu."

Na Mama Subiri, huyu huyu, baada ya miaka yote hiyo, akasema, "Anataka kubaki. Ameshatuambia."

Dada Shuka akageuka taratibu.

"Subiri, mama. Nilikuwa bado nafikiria."

Mwenyekiti akatabasamu, halafu akaona hakuna mwingine aliyetabasamu, akaacha. Kaka akasema kwa sauti ya chini, bila kejeli hata kidogo, "Umeona, mama. Hata wewe." Muda ukawa umekwisha. Wakaahirisha mpaka Jumatatu hii.

Kwenye ngazi, Mama Subiri alikaa chini, mkoba mapajani. Sijawahi kumuona amekaa vile.

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliona ameshika kalamu."

Dada Shuka akalifikiria jibu hilo. Halafu akatuangalia wote, mmoja mmoja, kaka yake, afisa wa ustawi aliyekuwa akishuka ngazi, na sisi na mafaili yetu.

"Mimi hicho kituo sijakiona," akasema. "Nitakikataaje? Nitakikubalije? Sijakiona."

Jirani, niliangalia pembeni nikaona kila mtu anaangalia pembeni. Kaka alikuwa amekwenda kukikagua. Afisa alikuwa amekwenda. Sisi tulikuwa na picha zake kutoka juu, kwa ajili ya hoja zetu. Watu wote tuliokuwa tunabishana juu ya kitanda chake tulikijua kitanda, isipokuwa yeye.

Jumatano iliyopita tukampeleka. Dereva kwenye usukani, kaka, Mama Subiri na mimi nyuma, Dada Shuka mbele kwa sababu alisema anataka kuona njia. Natamani ningekwambia kwamba kituo ni kibaya, ningelala vizuri. Si kibaya. Pasafi, pana bustani ya mboga, msimamizi wake anawaita wakazi wote kwa majina bila kubabaika. Dada Shuka aliingia chumba cha kulala, akagusa shuka la kitanda cha kwanza, akalivua, akalitandika upya. Mama mmoja mkazi, mtu mzima, akaja akashika kona ya pili bila kuambiwa. Wakatandika vitanda vyote vya upande ule, wanacheka, sijui wanacheka nini. Sijawahi kumsikia akicheka vile tangu msiba.

Halafu akamuuliza msimamizi, "Huu mlango anafunga nani?"

"Sisi, mpenzi. Usiku tunafunga kwa nje. Ni usalama wenu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea risiti. Akaomba twende.

Tukapanda gari. Kaka alivumilia mpaka darajani, halafu akauliza, "Umepaonaje, dada yangu?" Dereva akafungua mdomo. Mama Subiri akamuangalia kwenye kioo. Dereva akafunga mdomo. Tukaenda hivyo, tukapita soko, tukapita shule, tukapita ile barabara yote yenye matuta, mpaka nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Dada Shuka akashuka, akafungua mlango wake kwa ufunguo wake, akasimama kizingitini.

"Nitasema Jumatatu," akasema. "Nitamwambia yule mwenye kalamu. Nyie mtasikia huko huko."

Akafunga.

Basi, hapo ndipo tulipo. Kaka naye siku hizi ananipigia simu kila asubuhi kuniuliza kama nimesikia lolote, na mimi namuuliza yeye. Yeye anadhani anajua jibu. Mama Subiri anadhani anajua jibu. Mimi pia nadhani najua, na majibu yetu hayafanani. Nimekwenda kwa karani wa kamati kuomba Dada Shuka awe wa mwisho siku hiyo, ili nyuma yake pasiwe na foleni. Karani akasema tutaona. Nimeomba kwa maandishi aongezewe muda kwa sababu ya ulemavu wake, ni haki yake, kifungu kipo. Karani akasema tutaona. Kesho narudi tena, mpaka anichoke.

Jana nilimkuta Mama Subiri jikoni mwa ofisi anaosha kikombe chake ili akakiache kabatini, kwa sababu anasema hana haja ya vikombe viwili nyumbani. Nikamuuliza nifanye nini mwenyekiti akishika kalamu kabla Dada Shuka hajasema. Nilitegemea atanipa lile neno moja na kunipigapiga begani. Alikausha kikombe kwanza.

"Sijui, mwanangu. Mimi pale nilishindwa. Ukinyamaza, wanaweza kumchukulia maisha yake. Ukisema, umeshamchukulia wewe. Nimelifikiria tangu siku ile na sina jibu la kukuachia."

Hiyo ndiyo zawadi aliyonipa ya kuagana. Nyie mmepata keki.

Mama yetu, asante. Asante kwa wale waliopata maji, akaunti na kura. Asante kwa mapazia yanayoumiza macho ya wageni. Asante kwa kutufundisha kwamba mtu anayechelewa kujibu hajakosa jibu, na asante zaidi kwa kutuonyesha, pale kwenye ngazi, kwamba hata wewe ulihitaji kuambiwa. Wajukuu zako wakufurahie. Bustani yako iote. Simu yako ilie pale tu mtu anapopiga. Uwe na siku nyingi, tulivu, zenye afya, na ukipita njia hii usipige hodi, ingia tu. Dada Shuka amesema ataleta shuka lililokunjwa kwenye sherehe ya Ijumaa, na tumekubaliana kwamba hotuba atatoa yeye kama akitaka, na kama hataki hatatoa, na hakuna atakayemwombea radhi.

Nabaki na wewe sasa. Jumatatu, chumba kile kile, feni ile ile. Swali limeshaulizwa. Kaka ameinamisha kichwa. Dada Shuka anaangalia vidole vyake, na wewe uko pembeni yake, karibu kabisa, unamsikia anavyopumua. Unadhani unajua atakachosema. Mwenyekiti amesubiri, kwa haki kabisa amesubiri, na sasa ncha ya kalamu imegusa karatasi. Wewe ungefanya nini?